Lori la tanki likishashusha mafuta, mabango ya hatari yaondolewe au yabaki?

MpangaSafari aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninapanga safari za malori katika kampuni inayosafirisha mafuta na kemikali, na kuna mvutano yadini ambao ningependa utatuliwe na watu wanaozijua kanuni kwa undani. Tanki zetu zina vyumba kadhaa: safari moja hubeba petroli na dizeli kwa pamoja, safari nyingine dizeli peke yake. Madereva wamezoea kuyafunika mabango ya hatari mara tu wanapomaliza kushusha, kwa hoja kwamba tanki tupu halina cha kutangaza. Mkuu wa karakana kwa upande wake anataka mabango yote yapigwe ribiti moja kwa moja yasitoke kamwe, kwa sababu yale ya kugeuzwa hupotea na kuvunjika, na kwa maoni yake tahadhari haizidi. Ni nani aliye sahihi?

La pili, tunalo lori la bodi lililofunikwa ambalo hubeba mapipa ya asidi ya salfa iliyokolea pamoja na ndoo za hipokloriti ya kalsiamu, ile klorini ya unga ya kutibia maji. Je, lori hili linahitaji alama gani, na kuanzia kiasi gani cha mzigo? Nitashukuru nikipata majibu yenye vipimo, kwa maana maneno ya jumla tumeshayasikia ya kutosha.

MshauriWaShehena alijibu:

Ndugu MpangaSafari, kuhusu swali la kwanza, wote wawili wamekosea, ingawa kosa la madereva ndilo lenye hatari kubwa zaidi.

Tanki lililoshushwa petroli halijawa tupu. Limebaki na mvuke. Mvuke wa petroli hushika moto ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Tanki likiwa limejaa, nafasi ndogo iliyobaki juu ya mafuta huwa na mvuke mwingi mno kiasi kwamba hauwezi kuwaka, lakini mafuta yanaposhuka hewa huingia kuchukua nafasi yake, na mchanganyiko ule huweza kufikia kiwango hasa cha kulipuka. Ndiyo maana kanuni za Ulaya chini ya Mkataba wa ADR, yaani ule wa kusafirisha bidhaa za hatari kwa barabara, na kanuni za Marekani zinakubaliana katika jambo hili: tanki lisilosafishwa na kuondolewa mvuke huendelea kubeba mabango yale yale lililokuwa nayo likiwa limejaa. Dereva anayeyafunika baada ya kushusha anakuwa ameficha hatari wakati ambapo imeongezeka.

Mkuu wa karakana naye anasahau upande wa pili. Bango ni taarifa kuhusu kilichomo ndani ya tanki wakati huo, si onyo la jumla kwa wapita njia. Tanki likishasafishwa na kuthibitishwa kuwa halina mvuke, au likipakiwa kitu kisicho cha hatari, mabango ya shehena ya zamani ni lazima yaondolewe au yafunikwe kabisa, na hilo ni sharti la kanuni zote mbili. ADR inakwenda mbali zaidi na kutaka kifuniko cha kibao cha chungwa kiwe kizima na kiendelee kufanya kazi hata baada ya dakika 15 za moto. Gunia au mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba hautoshi.

Nifafanue pia alama zenyewe, kwa kuwa mara nyingi watu huzichanganya. Ipo kwanza ile ya umbo la almasi, yaani mraba uliosimama kwenye pembe yake, wenye rangi na mchoro wa hatari na namba ya daraja katika pembe ya chini. Ile ya kubandikwa kwenye gari au kontena haipungui milimita 250 kila upande; ya milimita 100 ni ya pipa au katoni, na ukiiweka kwenye gari umefanya kazi bure. Madaraja ni tisa: vilipuzi, gesi, vimiminika vinavyowaka, yabisi zinazowaka, vioksidishaji pamoja na peroksidi za kikaboni, sumu pamoja na vitu vya kuambukiza, mionzi, vitu vinavyobabua, na daraja la tisa la hatari nyinginezo. Kisha kuna kibao cha chungwa, ambacho chini ya ADR kina upana wa milimita 400 na kimo cha milimita 300, kimegawanywa na mstari mweusi katikati. Juu huandikwa namba ya hatari na chini namba ya Umoja wa Mataifa yenye tarakimu nne. Petroli ni 33 juu na 1203 chini, dizeli ni 30 na 1202. Marekani haitumii namba ile ya juu. Kibao chao kina kimo cha milimita 160 tu na kinabeba tarakimu nne peke yake, au tarakimu hizo huandikwa katikati ya almasi yenyewe.

Kuhusu vyumba vyenye petroli na dizeli kwa pamoja, msipate shida ya kuweka kibao kwa kila chumba. Kanuni ya jumla ya ADR ni kwamba kila chumba chenye kitu tofauti kiwe na kibao chake ubavuni, lakini kwa petroli, dizeli na mafuta ya taa inaruhusiwa kuweka vibao vya mbele na nyuma tu, vikiwa na namba ya mafuta yaliyo hatari zaidi, yaani yale yanayotoa mvuke wa kuwaka katika joto la chini kuliko mengine. Mvuke wa petroli hushika cheche hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali dizeli huhitaji zaidi ya nyuzi 50. Kwa hiyo palipo na petroli hata katika chumba kimoja, kibao ni 33/1203. Almasi za daraja la tatu zinabaki pande zote mbili na nyuma.

DerevaWaTanki alijibu:

Nakubaliana na Mshauri, ila naomba niwatetee kidogo madereva wenzangu, kwa sababu tatizo mara nyingi huanzia kwenye vifaa wanavyopewa. Mabango ya kugeuza yenye kibana dhaifu hufunguka yenyewe kwa upepo wa mwendo kasi, na dereva anaweza kutoka yadini na 1203 akafika na kibao kitupu pasipo yeye kugusa chochote. Kanuni zenyewe zinadai kibao cha kukunja kisiweze kufunguka safarini kwa mtikisiko au kwa bahati mbaya, kwa hiyo kabla ya kumlaumu dereva, shika ukingo wa kibao na ukitikise kwa nguvu. Kikicheza mkononi, barabarani kitafunguka.

Jambo jingine ni mahali pa kuweka. Nimeona tanki nyingi ambazo almasi ya nyuma imefichwa na ngazi ya kupandia juu, au ya ubavuni imewekwa chini ya mlango wa bomba la kushushia ambapo matope ya matairi huifunika yote ndani ya nusu saa ya mvua. Kanuni za Marekani zinataka bango liwe mbali na ngazi, mabomba, milango na turubai, na lisikaribiane na tangazo au maandishi mengine kwa chini ya milimita 76. Nembo ya kampuni yenye rangi kali inayogusa almasi ni kosa, hata kama mchoraji aliipenda.

Na kuna uchakavu ambao mtu wa ofisini hauoni. Petroli inayomwagika kidogo kwenye mfuniko wa juu wakati wa kujaza hutiririka ubavuni mwa tanki kupitia njia ile ile kila siku, na ikipita juu ya stika ya bei rahisi hulainisha gundi na kuufuta wekundu taratibu, mpaka almasi ya daraja la tatu inakuwa ya waridi yenye mstari mweupe unaoshuka katikati ya mwali wa moto. Ukiitazama kwa karibu bado unaitambua. Ukisimama mbali huioni. Nashauri bamba la chuma lenye tarakimu zilizochomekwa kwa kufuli, si stika.

KaraniWaGhala alijibu:

Wakuu, mimi bado nadhani mkuu wa karakana ana hoja. Kuna ubaya gani lori likitembea na bango wakati halina kitu? Afadhali watu waogope bure kuliko wasiogope kabisa. Sisi kwenye maghala tunabandika alama za hatari mlangoni na haziondoki hata siku stoo ikiwa tupu.

ZimamotoWaZamu alijibu:

Ndugu Karani, ubaya upo, na unatuangukia sisi tunaofika eneo la tukio tukiwa hatujui lolote.

Kwa kawaida kitu cha kwanza tunachokifanya ni kusimama mbali, upande unakotoka upepo, na kusoma kibao kwa darubini. Hakuna mtu anayelisogelea lori kwenda kuuliza. Tukiona 1203 na tanki linawaka, kitabu cha mwongozo wa dharura kinachotumiwa Marekani, Kanada na Meksiko kinatuelekeza kuwaondoa watu mita 800 kila upande. Hebu fikiria maana ya mita 800 kila upande: barabara inafungwa, nyumba zinahamwa, hospitali iliyo karibu inaanza kuwahamisha wagonjwa. Ikiwa ndani ya tanki lile mna maji ya kunywa, basi tumewaumiza watu bila sababu, na tumelipeleka povu letu lote mahali pasipolihitaji. Mlango wa stoo haukimbii barabarani, na anayehusika na stoo hupatikana kwa simu, ila dereva wa lori lililopinduka huenda hawezi kuzungumza.

Naomba pia niwaeleze mnaoandaa vibao hivi namna tunavyosoma ile namba ya juu ya ADR, kwa sababu yadini huonekana kama urembo tu. Tarakimu ya kwanza ni hatari kuu: 2 ni gesi, 3 ni kimiminika kinachowaka, 5 ni kioksidishaji, 6 ni sumu, 8 ni kubabua. Tarakimu ikirudiwa, kwa kawaida hatari imekolezwa, kwa hiyo 33 inawaka kwa urahisi zaidi kuliko 30, na sifuri maana yake hakuna hatari ya pili ya kutaja. Lakini 22 ni gesi iliyogeuzwa kuwa kimiminika kwa baridi kali, na 99 ni kitu kinachosafirishwa kikiwa na joto kali, kama lami ya moto yenye namba 3257. Klorini ni 265 juu ya 1017: gesi, yenye sumu, na inayochochea moto. Amonia kavu ni 268 juu ya 1005.

Herufi ninayoitafuta kabla ya kitu chochote ni X. Ikitangulia namba, maana yake ni kwamba kitu hicho hupambana vibaya na maji. Sodiamu, kwa mfano, ni X423 juu ya 1428. Kikosi kinachofika na gari la maji na kuanza kumwaga bila kuiona X ile kitatengeneza haidrojeni na moto mkubwa kuliko uliokuwapo. Sasa chukulia kwamba kibao hicho kilikuwa cha safari iliyopita, au kwamba kile kilichostahili kuwa na X kimeachwa na 33 ya petroli kwa sababu kilipigwa ribiti. Ni heri kibao kisiwepo kabisa, maana hapo tungeenda polepole. Kibao cha uongo kinatupa uhakika ambao hatustahili kuwa nao.

MpangaSafari aliandika tena:

Nimeelewa kuhusu tanki, na nitapeleka hoja hii kwenye kikao. Naomba sasa tusaidiwe lori la bodi. Mzigo wa kawaida ni lita 200 za asidi na kilo 150 za hipokloriti. Tumekuwa tukibandika almasi ya daraja la nane na ya daraja la tano pande zote nne. Mteja mmoja ametuambia kwamba magari ya mizigo ya Ulaya hayana almasi yoyote, yana vibao vya chungwa visivyo na namba. Je, ni kweli?

MshauriWaShehena alijibu:

Ni kweli, na hapa ndipo kanuni zinapotofautiana zaidi.

Chini ya ADR, gari linalobeba mzigo uliofungashwa, ukiacha vilipuzi na mionzi, halibandikwi almasi. Almasi ndogo ziko kwenye mapipa na ndoo zenyewe. Gari linawekewa vibao viwili vya chungwa vitupu, kimoja mbele na kimoja nyuma. Tena linawekewa tu likivuka kiasi fulani. Hesabu yake ni hivi: kila bidhaa ina kundi lake la usafirishaji, na kundi hilo lina kizidishio. Asidi ya salfa na hipokloriti yenu ziko katika kundi la pili, ambalo kizidishio chake ni 3. Kwa hiyo lita 200 mara 3 ni 600, na kilo 150 mara 3 ni 450, jumla 1,050. Kikomo ni 1,000. Mmevuka, na vibao ni lazima. Mngepunguza kilo 20 za hipokloriti mngefika 990, na gari lingetembea bila kibao, ingawa baadhi ya masharti mengine, kama kizimamoto na hati za shehena, yangebaki pale pale.

Marekani hawana hesabu hiyo. Wao wana orodha mbili. Ya kwanza ni ya vitu vinavyohitaji bango kwa kiasi chochote kile, hata chupa moja: vilipuzi vikali, gesi ya sumu, vitu vinavyokuwa hatari vikilowa maji, na vingine vichache. Ya pili ni ya vitu vilivyosalia, ambavyo kwa mzigo uliofungashwa huhitaji bango uzito wa jumla pamoja na vifungashio unapofika kilo 454. Asidi iliyokolea ina uzito wa karibu kilo 1.84 kwa lita, kwa hiyo lita zenu 200 ni kama kilo 368, na ukiongeza kilo 150 umepita kikomo hata kabla ya kupima mapipa. Wangewataka muweke almasi mbili kila upande, daraja la nane na la tano, mbele, nyuma na ubavu zote mbili. Wanaruhusu pia bango moja la jumla la hatari kwa mzigo mchanganyiko wa orodha ya pili, isipokuwa pale aina moja inapofika kilo 1,000 kutoka kituo kimoja cha kupakilia. Hapo aina hiyo ni lazima itajwe kwa bango lake.

Kwa hiyo mlichokuwa mnafanya kingekubalika chini ya mfumo mmoja na kingekuwa pungufu chini ya mwingine. Angalieni sheria ya mahali gari linapopita inafuata mfumo upi kabla ya kununua mabango.

Hata hivyo, ndugu yangu, kinachonitia wasiwasi katika ujumbe wako si mabango hata kidogo. Asidi na hipokloriti zikigusana hutoa gesi ya klorini papo hapo. Kanuni za Marekani zinakataza kupakia kimiminika kinachobabua pamoja na kioksidishaji mahali ambapo kuvuja kwa kimoja kunaweza kufikia kingine, na kanuni za baharini za IMDG nazo zinataka vitenganishwe. ADR ni legevu zaidi hapa, lakini kemia haisomi mkataba. Pipa moja likitoboka na sakafu ya lori ikawa na mteremko kuelekea kwenye ndoo, mtakuwa na lori lenye klorini ndani na kibao kitupu nje.

ZimamotoWaZamu alijibu:

Naunga mkono hilo kwa nguvu zote. Klorini ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu, hivyo haitapaa. Itatambaa chini na kukusanyika mtaroni, mahali hasa ambapo majeruhi huwa wameangukia. Kibao kitupu kinatuambia jambo moja tu, kwamba kuna mzigo wa hatari uliofungashwa, na kwamba jibu liko kwenye hati. Kwa sababu hiyo hati ziwe mahali panapofikika. Kanuni za Marekani zinataka dereva aweze kuzifikia akiwa amefunga mkanda, na akishuka aziache kwenye mfuko wa mlango wake au juu ya kiti chake. Hati iliyo ndani ya begi la dereva nyuma ya kitanda cha kulalia haitusaidii.

MpangaSafari aliandika tena:

Basi asidi na hipokloriti zitasafiri kwa siku tofauti kuanzia wiki hii. Limebaki moja dogo: kontena zinazoletwa kutoka bandarini zikiwa na almasi pande zote nne, na sisi tunazibeba tu kwa tela. Zikiwa zimebandikwa vibaya, kosa ni la nani?

MshauriWaShehena alijibu:

Almasi za kontena ni wajibu wa aliyelipakia, na kwa mzigo wa baharini ni lazima ziwe pande zote nne. ADR inazikubali kontena zilizobandikwa kwa kanuni za bahari. Vibao vya chungwa vya mbele na nyuma ya gari lenu ni wajibu wenu. Marekani mtumaji wa shehena ndiye anayempa msafirishaji mabango yanayotakiwa, isipokuwa gari likiwa tayari nayo, na msafirishaji haruhusiwi kuondoka bila kuyabandika. Lakini msijifiche nyuma ya mgawanyo huo: chini ya mifumo yote miwili msafirishaji anayeona kwamba hati inasema daraja la sita na kontena lina daraja la tatu hapaswi kulivuta. Mwambieni dereva alizunguke kontena lote akiwa na hati mkononi, alinganishe namba ya Umoja wa Mataifa kwa tarakimu zote nne, na atazame pia upande unaoelekea kichwa cha lori, kwa sababu upande huo hufichika mara tu kontena linapofungwa kwenye tela.